Mbuzi dhidi ya vichaka vya mkulagembe: niliyoyaona kwa misimu minne Handeni

MwalimuMstaafu

Habari za leo, wadau wa kilimo na ufugaji. Nimesoma maswali mengi ya ndugu zetu waliorithi au kununua mashamba yaliyoachwa muda mrefu, wanaotaka kujua kama ni kweli kwamba mbuzi wanaweza kusafisha vichaka. Mara nyingi hujibiwa kwa neno moja, ndiyo au hapana, na yote mawili huwaingiza watu hasara. Naomba nieleze kwa kirefu yale niliyoyafanya kwenye shamba langu mwenyewe, pamoja na makosa yaliyonigharimu, ili anayetaka kuanza aanze akiwa anajua.

Shamba lina ekari kumi na mbili, nje kidogo ya mji wa Handeni. Marehemu baba alilima humo mahindi na kunde mpaka nguvu zilipomwishia, kisha likakaa miaka kumi na minne bila kuguswa na jembe. Niliporudi baada ya kustaafu sikuweza hata kuingia hatua ishirini. Mti uliotawala ni mkulagembe. Kwa wasioufahamu, ni mti mdogo wenye miiba migumu na majani madogo madogo yanayofanana na ya mgunga, na ua lake lina rangi mbili, nusu waridi na nusu njano. Waliouita mkulagembe walijua walichokuwa wakikisema, kwa maana kila aliyejaribu kuling'oa kundi lake kwa jembe aliondoka na mpini uliovunjika. Katikati yake palikuwa na kikwata, mti mwingine wa miiba, na upande wa barabarani palikuwa pamejaa lantana, mmea wa kichaka wenye sumu kwa mifugo.

Mwaka wa kwanza niliajiri vijana wenye mapanga na mashoka. Walifanya kazi nzuri, nikawalipa, nikaliona shamba la baba kama nilivyolikumbuka utotoni. Mvua za masika zilipokwisha, kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi sita au saba, na mengine yalikuwa yameota mahali ambapo hapakuwa na kisiki kabisa, kwa sababu mkulagembe huchipua pia kutoka kwenye mizizi yake inayotambaa chini ya udongo. Kichaka kilichorudi kilikuwa kizito kuliko kile nilicholipia kifyekwe.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila msomaji wa uzi huu aondoke nalo. Mti wa namna hii hauishi kwenye shina, bali kwenye akiba ya chakula iliyohifadhiwa mizizini. Ukiukata mara moja, unachukua sehemu ndogo ya akiba hiyo, unatoa majani mapya, na majani hayo yakishakomaa yanaijaza akiba tena. Ukiyaondoa majani kabla hayajakomaa, ukafanya hivyo tena na tena kila yanaporudi, mti unatumia bila kuingiza, na mwisho wake unakufa. Binadamu mwenye panga hawezi kurudi kila baada ya wiki chache kwenye kila kisiki cha ekari kumi na mbili, lakini mbuzi anaweza, na anarudi akiwa na hamu.

Nilianza na mbuzi thelathini na wanane wa kienyeji, niliowanunua kwa makundi mawili. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaingiza kwenye kichaka kilichosimama. Mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma na kuegemea matawi hufikia kimo cha mita moja na nusu, na mrefu wao huenda akakaribia mita mbili. Walisafisha kila kitu chini ya kimo hicho, na ukiingia ulijiona uko chini ya dari la majani. Juu, miti iliendelea kupata jua, kutoa maua na kuangusha mbegu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Msimu uliofuata nilibadilisha mpangilio. Mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu, nilifyeka ekari moja na nusu tu, nikaacha visiki vifupi, chini ya goti. Miiba iliyokatwa sikuichoma, bali niliipanga kuwa ua wa kuzunguka eneo hilo hilo. Vuli iliponyesha na machipukizi kufika kimo cha goti, miiba yake ikiwa bado laini, niliwaingiza mbuzi wote, wakalala humo humo usiku kwenye zizi dogo la kuhamishika. Baada ya wiki tatu hapakuwa na jani, nikawatoa. Wiki kama saba baadaye machipukizi yalikuwa yamerudi, nikawarudisha. Wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu wanaona kichaka kimechipua tena na wanadhani kazi imeshindikana. Mara ya kwanza mbuzi huonekana kama wamefanya muujiza, lakini mti huanza kuumia mara ya pili na ya tatu. Kufikia msimu wa tatu machipukizi yalikuwa membamba kama njiti, na msimu huu wa nne visiki vingi katika eneo lile vinang'oka kwa mkono, vimeoza. Bondeni karibu na kijito, ambako ardhi haikauki, bado vinachipua, ingawa kwa unyonge.

Kosa la pili ndilo linaloniuma hadi leo. Kundi la pili la mbuzi lilifika kwa gari jioni, baada ya safari ya siku nzima bila kula. Niliwashusha karibu na zizi, upande wa barabarani, penye lantana. Kwa kawaida mbuzi aliyezoea eneo huipita lantana kwa sababu haimpendezi, lakini hawa walikuwa wageni na walikuwa na njaa. Baada ya siku chache baadhi yao waliacha kula, wakawa wanajificha kivulini, masikio na pua vikavimba na ngozi ikaanza kupasuka. Watatu walikufa. Ningewapa maji na majani makavu kwanza usiku ule, na kuwafungua asubuhi upande mwingine, wangekuwa hai.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

MkulimaWaMuheza

Shikamoo, Mwalimu. Nashukuru kwa somo lililonyooka. Mimi nina ekari nne za michungwa na chini yake pamejaa vichaka na miti ya kuota yenyewe. Je, ninaweza kuwaingiza mbuzi? Na kama kuwaachia ni hatari, je, nikiwafunga kamba mmoja mmoja mahali ninapotaka pasafishwe?

MwalimuMstaafu

Marahaba, ndugu yangu. Kwenye michungwa nakusihi usiwaingize. Mbuzi hatofautishi mti uliopandwa na mti ulioota, na majani yakipungua hugeukia magamba ya shina. Mchungwa uliobanduliwa magamba kuzunguka shina lote hauponi, hata kama unaonekana mzima kwa miezi miwili mitatu. Nimepoteza miembe miwili michanga kwa namna hiyo, na yote miwili nilikuwa nimeizungushia miiba niliyodhani inatosha. Katika shamba la matunda tumia fyekeo.

Kuhusu kamba, wahenga walishasema kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na katika kazi hii hilo ni tatizo mara mbili. Kwanza, kwenye visiki kamba hujizungusha mpaka mnyama anabaki na nafasi ya hatua moja, juani, bila maji. Pili, mbuzi aliyefungwa hula nyasi na majani laini yaliyo karibu naye na kuacha miiba, wakati mbuzi aliye katika kundi hushindana na wenzake na kula hata asichokipenda sana. Anayeimaliza miiba ni kundi lililobanwa katika eneo dogo kwa muda mfupi.

MkaaziWaMarigat

Salamu kutoka Baringo, Kenya. Mwalimu amefafanua vizuri, lakini ningeomba wasomaji wasidhani kwamba mpango huu unafaa kwa kila mti wa miiba. Huku kwetu tuna mathenge, ule mti wa kigeni ulioletwa miaka ya 1980 ili tupate kuni na kuzuia ardhi isimomonyoke. Leo umeziba malisho kandokando ya Ziwa Baringo, na sehemu nyingine nyingi za maeneo kame ya nchi yetu zinalia kilio hicho hicho.

Ukiwaingiza mbuzi kwenye mathenge, mambo huenda kinyume kabisa. Majani yake hawayapendi, huyagusa tu wanapokosa kingine. Wanachokifuata ni maganda ya mbegu, ambayo ni matamu sana. Mbegu zenyewe ni ngumu, nyingi hupita tumboni zikiwa hai na kuangukia mahali papya pamoja na mbolea yake. Kwa hiyo mbuzi anauacha mti umesimama na kuupanda mwingine mbele ya safari. Tena ule utamu hunata kwenye meno, na mbuzi anayekula maganda hayo kwa miaka meno yake huoza na kung'oka, mwishowe anashindwa kula na kukonda hadi kufa. Jamii ya Ilchamus ya huku kwetu ilipoishtaki serikali miaka ya 2000 kwa madhara ya mti huu, walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi kama ushahidi. Watu wa mbali walilichukulia kama kituko, lakini kwetu yule mbuzi alikuwa akieleza hali ya mazizi yetu yote.

Njia iliyotusaidia kiasi ni kuokota maganda na kuyasaga, jambo ambalo Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imelihimiza. Mashine huvunja mbegu zisiote, na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo kisichodhuru meno ukichanganywa na vyakula vingine. Mti wenyewe lazima ukatwe chini ya usawa wa udongo, chini ya mahali machipukizi yanapoanzia, la sivyo unarudi na mashina mengi zaidi.

MwalimuMstaafu

Ndugu wa Marigat, umenipa jambo la kulifikiri. Mkulagembe nao hutoa maganda ambayo mbuzi huyapenda, na nimewahi kuona miche michanga imeota mahali zizi la zamani lilipokuwa. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili. Je, kuna mtaalamu wa mifugo anayeweza kutushauri?

TabibuWaMifugo

Nimefanya kazi ya uganga wa mifugo vijijini kwa miaka mingi, na ninashukuru kwamba Mwalimu hakuficha habari ya mbuzi wake watatu.

Nianze na mbegu. Chakula hukaa tumboni mwa mbuzi kwa siku kadhaa. Kama mbuzi wamekula maganda yaliyokomaa na unataka kuwahamishia eneo safi, wafungie kwanza zizini kwa takriban wiki moja, uwalishe majani au mabua yasiyo na mbegu za miti hiyo, kisha mbolea ya zizi hilo uirundike mpaka iive kwa joto kabla ya kuipeleka shambani. Bora zaidi ni kutowaingiza kabisa wakati maganda yanaanguka. Kwa mpango wa Mwalimu hilo linawezekana, kwa kuwa machipukizi yanayoliwa kila baada ya wiki kadhaa hayapati muda wa kutoa maua.

Kuhusu lantana, sumu yake hushambulia ini. Ini likishindwa kazi, mabaki ya rangi ya kijani ya majani hubaki kwenye damu, na jua linapopiga ngozi isiyo na manyoya mengi, ngozi hiyo huungua. Ndiyo maana Mwalimu alimwona mnyama akikimbilia kivuli na masikio yakivimba. Macho na fizi hugeuka manjano. Ukiona dalili hizo, mtoe mnyama kwenye lantana mara moja, mweke kivulini, mpe maji, na umwite mtaalamu siku hiyo hiyo, kwa sababu sumu iliyobaki tumboni huendelea kufyonzwa. Lantana iondolewe kwa mikono, na mizizi yake ing'olewe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Mbuzi anayekula majani ya vichakani, juu ya ardhi, hupata minyoo kidogo, kwa kuwa viluwiluwi vya minyoo hukaa kwenye nyasi fupi zenye unyevu. Vichaka vinapopungua, mbuzi wale wale huanza kuinamisha kichwa na kula nyasi, na hapo minyoo inayonyonya damu huongezeka kwa kasi, hasa wakati wa mvua. Mfugaji anasema mbuzi wake walikuwa wazima misimu miwili, sasa wanakonda na kuvimba chini ya taya, na anadhani wamerogwa. Mshike mbuzi, vuta kope la chini, utazame utando wa ndani. Ukiwa mwekundu, yuko salama. Ukiwa umepauka, anahitaji dawa. Wape dawa wanaohitaji, usilimezeshe kundi zima kila mara, maana minyoo huizoea dawa.

Chanjo za sotoka ya mbuzi na kondoo na za homa ya mapafu ya mbuzi zisisubiri ugonjwa. Na mbuzi walionunuliwa mnadani wakae peke yao wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine.

Kwa wanaouliza kwa nini mbuzi na si ng'ombe, swali hilo lina umri mrefu hapa Tanzania. Mwaka 1942 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Mpwapwa la kulinganisha mbuzi na ng'ombe katika malisho yenye nyasi na vichaka kwa pamoja. Ng'ombe hukusanya kwa ulimi mkubwa na hutegemea nyasi. Mbuzi ana mdomo mwembamba na midomo inayochezacheza, anaweza kuchomoa jani moja katikati ya miiba miwili, na huvumilia ukakasi wa majani ya miti kuliko ng'ombe. Ukiweka ng'ombe peke yao, wanaondoa nyasi zinazoshindana na vichaka, na vichaka vinafurahi.

MrangiWaHaubi

Naheshimu sana mchango wa Mwalimu, lakini mimi nimezaliwa Kondoa na siwezi kusoma uzi wa kusifu mbuzi nikanyamaza. Wazee wetu waliona ardhi ikibaki mifupa mitupu. Makorongo yalikuwa makubwa kiasi cha kumeza nyumba, na mchanga ulishuka ukafunika mashamba ya bondeni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Familia zilitengana na ng'ombe wao na mbuzi wao, na lilikuwa jambo chungu. Hata hivyo, miti na nyasi zilirudi zenyewe. Baadaye ndipo ng'ombe wa maziwa waliofugwa ndani waliporuhusiwa.

Kwa hiyo ninauliza: anayewafundisha watu kuua visiki kwa mbuzi, anawafundisha pia mahali pa kusimama? Mteremko ambao leo unaitwa kichaka ndio unaoshika udongo.

MwalimuMstaafu

Ndugu wa Haubi, swali lako ni la haki na ndilo nililopaswa kuanza nalo. Uwezo ule ule unaoua mkulagembe ndio uliochangia kumaliza miti ya Kondoa. Tofauti iko kwenye mambo mawili: muda wa mbuzi kukaa mahali, na kinachoota baada yao. Mbuzi wangu hukaa wiki tatu na kuondoka. Mbuzi wanaopita mahali pamoja kila siku, mwaka mzima, hawaruhusu hata mche wa mti mzuri kuinuka.

Nimejiwekea mipaka. Mteremko wa mashariki wa shamba, kama ekari mbili hivi, sijaufyeka na sitaufyeka. Mkulagembe wa pale ninauacha ushike udongo na kuwapa nyuki maua. Katika eneo ninalosafisha, natazama ardhi na sio majani ya juu. Nyasi zikianza kupungua na udongo kuonekana, mbuzi wanatoka siku hiyo hiyo hata kama machipukizi yamebaki. Kila tunaposafisha, natembea kwanza na kitambaa chekundu, nikifunga miti ninayotaka ibaki, kisha tunaizungushia miiba mirefu na minene, miduara miwili, baada ya yale yaliyoipata miembe yangu.

KijanaWaKilindi

Shikamooni wakubwa. Nimepewa na babu ekari sita zenye hali hiyo hiyo, na nina mbuzi kumi na wawili tu. Nianzie wapi? Na je, ni lazima nitafute mbuzi wa kisasa?

MwalimuMstaafu

Marahaba, mwanangu. Mbuzi kumi na wawili hawatoshi kwa ekari sita, lakini wanatosha kwa nusu ekari, nawe anza na nusu ekari hiyo. Mbuzi wangu thelathini na watano waliobaki walinimalizia ekari moja na nusu kwa wiki tatu, kwenye machipukizi ya kimo cha goti. Kwako piga hesabu ya chini kidogo, kwa kuwa hujazijua nguvu za kichaka chako. Kosa kubwa kuliko yote ni kufyeka eneo kubwa kuliko midomo uliyonayo, maana machipukizi yatakomaa kabla hawajayafikia, na kazi ya panga itakuwa imepotea.

Mbuzi wa kisasa usiwatafute kwa kazi hii. Mbuzi wa maziwa ana kiwele kikubwa kinachochanika kwenye miiba. Mbuzi wa kienyeji wa eneo lako amekua akiyajua majani ya hapo, yenye sumu na yasiyo na sumu, na elimu hiyo haiuzwi mnadani. Ukitaka umbo kubwa zaidi baadaye, wapo mbuzi wa Malya, waliochanganywa hapa hapa nchini kutokana na mbuzi wa kigeni wa aina ya Kamorai na Boer pamoja na wa kienyeji, lakini jenga kwanza uzoefu.

Zungumza na majirani kabla ya kuanza. Mbuzi akivuka na kuingia kwenye mihogo au mahindi ya mtu, mgogoro utakaozuka utakugharimu kuliko faida ya kichaka kizima. Mimi nina mchungaji anayekaa nao mchana kutwa, pamoja na ua wa miiba, na siku ambayo hayupo mbuzi hawatoki zizini. Usiku zizi lifungwe vizuri, kwa sababu fisi wanapita huku kwetu na nadhani hata kwenu.

Sasa hivi usifyeke kitu. Subiri Septemba, fyeka nusu ekari kwa visiki vifupi, ng'oa lantana yote kwa mkono na kuichoma nje ya eneo, panga miiba kuwa ua. Vuli ikinyesha, pima machipukizi kwa goti lako. Yakifika hapo, wape mbuzi majani makavu asubuhi wasiingie na njaa, kisha wafungulie. Andika tarehe waliyoingia na tarehe waliyotoka kwenye daftari, na baada ya wiki saba uende ukatazame visiki, kimoja kimoja.

KijanaWaKilindi

Nimeelewa, Mwalimu. Daftari nimeshanunua. Nitarudi hapa mwezi wa Januari, baada ya zamu ya pili, nieleze nilichokikuta.